Raki kutoka Marekani au pedali nne? Jibu kwa mpiga solo wa Tabata

Swali: "Shikamoo mwalimu. Napiga solo kwenye bendi ya watu sita. Ijumaa na Jumamosi tunapiga baa za Tabata na Segerea, Jumapili napiga kanisani. Natumia mashine ndogo ya efekti nyingi niliyoinunua Kariakoo, na swichi zake zimeanza kugoma. Kuna kaka amerudi kutoka Marekani, ananiuzia raki ya uniti sita: priampu ya gitaa, prosesa ya efekti ya miaka ya tisini na ubao wa midi wa kukanyaga. Anataka 1,200,000. Rafiki yangu anasema hela hiyo ninunue pedali. Amplifaya sina. Natumia ya ukumbini, pasipo na amplifaya naingia moja kwa moja kwenye mikisa. Nichukue ipi?"

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Najua mwenye mzigo anakusubiri, kwa hiyo jibu lenyewe litangulie: hiyo raki, yaani kabati la vyombo vya efekti, iache. Nunua pedali, vile viboksi vya efekti vya kukanyaga, na hela ya kwanza itoke kwa ajili ya umeme wa hizo pedali kabla hujachagua hata moja. Ila usiishie hapo ukamwambia mwenzako kwamba nimesema raki zimepitwa na wakati. Sijasema hivyo. Ninachotazama mimi ni njia unayopita na gitaa lako, soketi unayoikuta ukumbini, na tundu unalochomekea waya ukifika.

Kuhusu utamu wa sauti sitakaa sana. Muuzaji atakuambia raki ni vyombo vya studio na pedali ni vya wanaojifunza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Roland walikuwa na dilei (efekti ya kurudia noti kama mwangwi) ya raki iitwayo SDE-3000, chombo cha kuheshimika kabisa. Mwaka 1983 Boss, ambayo ni ya Roland hiyohiyo, ikatoa DD-2, pedali ndogo ya kwanza ya dilei ya kidijitali, na ndani yake waliweka chipu iliyotoka kwenye ile raki. Moyo mmoja, maboksi mawili. Tangu hapo chipu zimezidi kuwa ndogo na zenye nguvu, na leo pedali inayokaa kiganjani ina uwezo ambao prosesa ya miaka ya tisini haikuwa nao. Kwa hiyo hoja ya sauti tuiweke pembeni.

Raki ilizaliwa kwa sababu nyingine. Los Angeles ya miaka ya 1980 ilikuwa na wapiga gitaa wa studio kama Steve Lukather na Michael Landau, watu ambao walitakiwa kutoa sauti ya kila aina, tena papo hapo. Fundi mmoja, Bob Bradshaw, akawajengea mifumo ambayo efekti zote zinakaa nyuma kabatini, na mguuni unabaki ubao wa vitufe tu, kama huo wa midi unaouziwa, unaotuma amri kwa waya. Unakanyaga kimoja, efekti tano zinabadilika kwa pamoja. Hilo ni jambo zuri sana na mpaka leo naliheshimu. Pedali za kawaida haziliwezi: ukitaka kuzima distosheni (mkwaruzo), kuwasha korasi (mtikisiko unaotanua sauti) na kubadili dilei kwa pigo moja, unahitaji miguu mitatu. Lakini wale watu walikuwa na wabebaji, mafundi wao wenyewe na amplifaya zao wenyewe, na umeme wa kule ndio uliokusudiwa kwa vyombo vile.

Wewe una bajaji. Uniti moja ya raki ina upana wa inchi 19 na kimo cha inchi 1.75, maana yake uniti sita ni sentimita 27 za kimo kabla hujahesabu mbao, vyuma vya kona na mfuniko. Ukishaiingiza kwenye bajaji na gitaa na begi la waya, na ule ubao wa midi nao una begi lake, wewe mwenyewe utakaa wapi? Na saa tisa usiku, onyesho limekwisha, utakuwa unautafutia usafiri huo mzigo peke yako.

Sasa nisikilize kwa makini kuhusu ishara, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapoteza hela.

Pikapu za gitaa la kawaida, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, hazina betri. Zinatoa sehemu ndogo tu ya volti moja, na ishara yake ni dhaifu kwa maana ya pili pia: haina nguvu ya kusukuma. Ifananishe na maji ya bomba mtaani siku presha ikiwa ndogo. Ukifungua bomba moja kidogo, maji yanapanda hadi ghorofani. Ukifungua mabomba yote ya chini, juu hakufiki kitu. Mlango wa pedali ni bomba lililofunguliwa kidogo, una ukinzani wa karibu ohmu milioni moja, haunyonyi. Mlango wa kiwango cha studio kwenye prosesa nyingi za raki una ohmu elfu kumi au ishirini tu, yaani mabomba yote wazi. Chomeka gitaa moja kwa moja pale, na kitu cha kwanza kutoweka ni ule mng'aro wa noti za juu, ambao kwa mpiga solo wa dansi ndio chakula chenyewe. Gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi, na mtu anailaumu prosesa bure.

Ndiyo maana raki unayouziwa ina priampu. Kazi yake ni kuipokea ishara dhaifu ya gitaa na kuipandisha hadi kiwango cha vyombo vya studio, ambacho ni volti 1.23 hivi. Hadi hapo mambo sawa. Swali ni je, ikishatoka kwenye prosesa ikiwa na nguvu hiyo, inaenda wapi? Ukiipeleka kwenye tundu la mbele la amplifaya ya ukumbini, unaipitisha kwenye priampu ya pili, ambayo ilitarajia gitaa. Sauti itapasuka, itanguruma, na kila ukigusa kitufe cha sauti inaruka kutoka kimya hadi kelele. Inatakiwa iingie nyuma, kwenye tundu la kurudishia efekti, ili ipite moja kwa moja kwenye nguvu za mwisho za amplifaya. Nimezunguka nyuma ya amplifaya nyingi za kumbi za mjini hapa. Nyingine hazina tundu hilo kabisa. Nyingine zinalo, lakini chumvi ya hewa yetu imeshaila jeki kwa sababu hakuna aliyewahi kuitumia. Huwezi kujenga mfumo wako wote juu ya tundu ambalo hujui kama lipo.

Pedali inaingia mbele ya amplifaya yoyote, mbovu au nzima. Kwa gitaa linalozunguka kumbi za watu, mimi sijui sifa nyingine inayofikia hiyo.

Baada ya ishara kuna umeme, na hapa nina kovu. Geuza ile raki utazame kibao cha nyuma. Kama kimeandikwa 100–240V, chombo hicho unaweza kukichomeka hapa bila wasiwasi. Kama kimeandikwa 120V 60Hz, na kwa prosesa ya Marekani ya miaka ya tisini ndivyo mara nyingi ilivyo, basi umeme wetu wa 230V 50Hz ni karibu mara mbili ya unaotakiwa. Utahitaji transifoma ya kushushia, yenye wati zaidi ya jumla ya vyombo vyote, na hiyo ni kilo nyingine kwenye bajaji. Tena transifoma inashusha volti tu, haibadilishi mizunguko. Chombo kilichotengenezwa kwa mizunguko 60 peke yake kikilishwa 50, transifoma yake ya ndani inapata moto zaidi, na joto la Dar la mwezi wa pili linaongezea lake. Vyombo vya mitumba vya Japani navyo viangalie: kule ni 100V, na transifoma ya kushushia hadi 120 bado inavizidishia.

Zamani nilikuwa na prosesa ya 120V. Nilijua hatari yake, nikaandika kwa rangi nyekundu kwenye plagi. Tulikuwa kwenye harusi, umeme ukakatika, jenereta ikawashwa, na katika kuhamisha waya gizani kijana mmoja wa jukwaani akaichomoa plagi yangu kwenye transifoma, akaichomeka kwenye ekstensheni ya kawaida. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatusaidia. Nilisikia harufu kabla sijaona moshi. Fyuzi ilikatika ikiwa imechelewa, kapasita zimevimba. Nilipiga saa tatu zilizobaki kwa gitaa na waya mtupu, na ile prosesa sikupata vipuri vyake tena. Hayo yatakupata hata ukiwa mwangalifu, kwa sababu jukwaani si wewe peke yako unayeshika plagi.

Kuna la kumbukumbu pia. Prosesa nyingi za umri huo zinatunza mipangilio yako kwa betri ndogo ya kidonge iliyo ndani, mara nyingine imechomelewa kwa risasi. Ikifa, kila umeme ukikatika sauti zote ulizotengeneza zinafutika. Umeme wetu unaujua. Pedali haina cha kusahau. Vifundo viko pale ulipoviacha, umeme ukirudi nayo inarudi.

Basi na ule uzuri wa raki, wa kubadilisha vitu vitano kwa pigo moja, je? Jiulize ni mara ngapi unauhitaji. Muziki wako naujua. Sehemu ya kuimba gitaa linatulia, linajibu sauti. Ikiingia chemko, sehemu ya wimbo ya kuchangamka na kucheza, unataka kung'aa zaidi, kusikika juu ya ngoma na besi, na dilei fupi. Kanisani kuna nyimbo za taratibu zinazotaka mkia mrefu kidogo wa sauti. Hiyo ni mipangilio mitatu, na kila mmoja unaupata kwa kukanyaga pedali moja, au mbili. Mipangilio 128 ya midi utaifanyia nini?

Niseme na hili kwa sababu linaniuma. Magitaa ya mji huu yana urithi wake. Wasikilize Msondo, bendi iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, au Mlimani Park tangu 1978: solo, solo la pili, rithimu na besi vinasukana kama ukili, kila kimoja kimeachiwa nafasi yake. Msuko huo unasikika kwa sababu noti ni kavu na fupi. Ukimwaga rivabu (mwangwi kama wa ukumbi mkubwa) na korasi nzito juu yake, nyuzi zote zinagandamana na mcheza dansi hajui afuate ipi. Raki kubwa inakutia hamu ya kuwasha kila kitu. Nimewahi kuwa na hamu hiyo, na nimeiona kwa vijana wengi wenye vidole vizuri kuliko vyangu.

Kwa hiyo ningekuwa na hela yako ningefanya hivi. Robo yake ningeiweka kwenye umeme na waya. Tafuta pawasaplai ya pedali ambayo matundu yake yametenganishwa, yaani kila tundu lina umeme wake usiochangia na jirani. Kipande kimoja cha waya chenye vichwa vitano kinachotoka kwenye adapta moja ni rahisi, lakini ukichanganya pedali ya kidijitali na ya distosheni juu yake utasikia mlio mwembamba kama mbu. Na adapta za mezani za Kariakoo zilizoandikwa 9V zipime kwa mita kabla hujazichomeka: zile zisizodhibitiwa zinaweza kutoa 12 au zaidi zikiwa hazina mzigo. Soma pia alama ya plagi, kwa kuwa pedali nyingi zinataka hasi iwe katikati na chanya nje. Miliampea zijumlishe. Ovadraivu, pedali ya kukoleza sauti ya gitaa, inakula chache sana, dilei ya kidijitali inaweza kutaka mia moja au zaidi.

Sikio lako litakusaidia kujua tatizo liko wapi. Mngurumo wa umeme wetu ni mizunguko 50, au 100 ukitoka kwenye adapta mbovu, na zote mbili ziko juu kidogo tu ya noti ya G. Bendi ikitulia, ukisikia G nzito isiyoisha chini ya kila kitu, usiguse gitaa. Shika adapta na ekstensheni kwanza.

Kwa siku za kukatika umeme, pawabenki ya simu yenye waya wa kupandisha volti 5 kuwa 9 inatosha. Pedali nne ndogo zinakula wati moja na nusu hivi, na pawabenki ya miliampea 10,000 itakupitisha usiku mzima. Ijaribu nyumbani kwanza, maana nyingine hujizima zikihisi mzigo ni mdogo, na waya nyingine za bei ya chini zina mlio wake.

Pedali zenyewe: tyuna iwe ya kwanza, kwa sababu hakuna efekti inayookoa gitaa lililotoka tyuni. Kisha kompresa, na hii usiione ndogo. Ndiyo inayosawazisha noti zako fupi za haraka ili ile dhaifu isikike sawa na ile iliyogongwa kwa nguvu, na ndiyo inayofanya gitaa la chemko lisikike kama linaongea. Halafu ovadraivu ya upole, yenye gaini (kiasi cha mkwaruzo) ndogo na sauti ya juu, uitumie kujitokeza badala ya kukwaruza. Mwisho dilei. Mwendo ukiwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, robo yake ni 125. Mimi kwenye chemko naiweka hapo 125 na marudio moja au mawili tu, kwa sauti ya chini kuliko unavyodhani inatosha. Kwa kanisani 375 inapendeza, inajaza nafasi kati ya maneno. Rivabu ningeiacha kwa sasa. Ukumbi wenye kuta za tofali na paa la bati unayo yake tayari.

Korasi najua unaitaka. Uzuri wake mkubwa uliujua kwenye Roland JC-120, amplifaya iliyotoka 1975 yenye spika mbili za inchi 12: ule upana unazaliwa hewani, kati ya spika moja na nyingine. Ukiingia kwenye mikisa ya mono, yaani sauti ya njia moja, upana unapotea, unabaki mtikisiko. Inunue mwezi mwingine.

Kinachobaki ni siku unazoingia kwenye mikisa. Weka hela ya boksi la DI. Linachukua ishara yako na kuipeleka kwa waya wa pini tatu hadi kwa fundi mitambo bila kunyonya pikapu wala kuokota kelele njiani, hata akiwa mita ishirini mbali. Na siku hizo ovadraivu iwashe kidogo sana. Spika ya gitaa kwa asili yake haitoi sauti za juu kupita mizunguko kama 5,000, na spika za kanisa zinatoa zote, ndiyo maana distosheni iliyoingia moja kwa moja inasikika kama nyuki kwenye kopo. Ipo pedali ndogo ya kuigiza spika ya gitaa, na ukiipata kwa bei nzuri iweke mwisho wa mstari, kabla ya DI.

Utunzaji hauna mengi. Pakiti zile za kunyonya unyevu zinazokuja ndani ya viatu zitie kwenye begi la pedali, jeki uzipulizie dawa ya kusafishia kila baada ya miezi michache. Raki ingekupa kazi zaidi, kwani matundu yake ya hewa ni nyumba ya mende, na mende akifia juu ya chanzo cha umeme anaunganisha visivyotakiwa kuunganishwa.

Huyo kaka naye usimwache hivihivi, ana kitu chema mkononi ila amekileta kwa mtu asiyehusika. Prosesa ile inafaa kanisani kwenu. Chombo kisichohamishwa, kikikaa mahali pamoja na transifoma yake nyuma ya mikisa, mlango umefungwa, hakipati ajali iliyonipata mimi. Ikiwa mikisa ina matundu ya kupelekea na kurudishia efekti, pale kiwango cha ishara ndicho hasa prosesa inachokitaka, na waimbaji wote watapata rivabu nzuri kutoka kwenye chombo kimoja. Ila iuzwe peke yake, bila priampu na ubao wa midi, na kabla ya kulipa iwashwe, ihifadhiwe mpangilio mmoja, izimwe, ichomolewe na kuachwa usiku kucha, kisha iwashwe tena asubuhi waone kama bado inaukumbuka.

Jumapili ukifika, angalia nyuma ya mikisa yenu uniandikie matundu yanavyosomeka, nitakuambia ni waya gani wanunue.